Mzee Bado na Kiota cha Bwawa la Saba

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika leo mnaombwa kusikiliza kwa utulivu maisha ya mtu mliyemjua kwa jina la Mzee Bado. Maelezo haya yameandikwa na mdogo wake wa mwisho, yule fundi cherehani, na ndiye anayeyasoma. Familia ilimwomba afupishe. Amefupisha alipoweza, pale aliposhindwa, mtamvumilia kama alivyomvumilia kaka yake kwa miaka hamsini na saba.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1950, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chumvi, mstari wa tatu, chumba cha mwisho, kile ambacho dirisha lake lilitazama mabwawa. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mchota chumvi na mkewe. Mama alikuwa akisimulia kwamba mimba ile ilipitiliza wiki mbili nzima. Mkunga alikuja mara tatu akarudi bure, na mara ya nne akaja na kazi yake ya kufuma, akakaa. Mtoto alitoka soksi ya pili ilipokaribia kwisha. Alichelewa pia kutembea na kusema, lakini hakuna aliyemwona akilia kwa kuchelewa huko.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la magunia, kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu wa hesabu, aliyependa mwandiko wake, alimkabidhi kipima mvua cha shule, ambacho kwa kweli kilikuwa kopo lenye mistari, na daftari la kuandika vipimo kila asubuhi. Siku moja baada ya mvua kubwa alikuta kopo limelala chali, tupu. Mwalimu akamwambia akadirie tu, kwa kuwa kila mtu aliisikia mvua. Marehemu aliandika: "Kopo limepinduliwa. Sijui." Alipata viboko viwili na hakubadilisha. Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote: alichokiona alikiandika, na asichokiona hakukitunga. Tabia hiyo ilimpa heshima kwa watu, na mara moja alipoiacha alipata majuto makubwa, kama mtakavyosikia.

Tarehe 1 Februari 1969 aliajiriwa kiwandani kama kibarua wa kubeba chumvi, na mwaka 1974 akapandishwa kuwa mwendesha malango. Kwa wageni ambao hawajui kazi hiyo: maji ya bahari huingizwa bwawa la kwanza, yakipungua kwa jua hupelekwa la pili, kisha la tatu, na kuendelea, mpaka chumvi inaganda. Kati ya bwawa na bwawa kuna tuta la udongo, na katika tuta kuna lango la mbao. Mwendesha malango ndiye anayeamua lango gani linafunguliwa na lini. Yale ya upande wa bahari, likiwemo la bwawa la saba, hufunguliwa wakati wa bamvua tu, siku zile chache ambapo maji hupanda kuliko kawaida. Bamvua ikikupita, unangoja nyingine wiki mbili. Marehemu alifanya kazi hiyo miaka thelathini na sita, na mikono yake mliiona.

Tarehe 18 Septemba 1976, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mshona magunia wa kiwandani, wifi yetu mpendwa, ambaye amekaa hapa mbele. Wifi ameruhusu jambo hili lisemwe. Mara ya kwanza Marehemu alipomwalika kutembea, alimpeleka kwenye tuta, akamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwomba asiseme neno. Wakakaa hivyo saa nzima. "Nilidhani anatafuta maneno ya kuniposa," wifi husema. "Namwonea huruma, jasho linamtoka. Kumbe anatazama vitwitwi wanakula." Kitwitwi, kwa wasiomjua, ni yule ndege mdogo wa ufukweni mwenye miguu myembamba, anayekimbia kama amesahau kitu nyumbani. Wifi alikubali kuolewa hata hivyo. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba ndiye mwanamume pekee aliyekuwa akimjua ambaye angeweza kunyamaza saa nzima.

Sasa tufike kwenye habari ya ndege mwenyewe, maana bila yeye maisha ya kaka yetu yanabaki nusu.

Mwezi Juni 1983, kwenye kona ya bwawa la saba, Marehemu aliona kitwitwi ambaye hakuwahi kumwona: mweupe chini, mgongo rangi ya mchanga, na kifuani mstari wa kahawia mfano wa mkufu. Alimsogelea. Ndege akaanguka upande, akaburuta bawa moja chini, akalia. Marehemu alivua kofia yake na kumfuata ili amwokote akamtibu. Alimfuata hatua mia mbili, huku fundi wa pampu akimtazama kwa mbali na kujiuliza kama jua limemzidi mwenzake. Mwisho wa tuta ndege akakunja bawa vizuri kabisa, akaruka zake. Nyumbani Marehemu alisimulia mwenyewe, na alicheka mpaka akashika mlango.

Aliandika barua chuo kikuu. Baada ya wiki sita akaja mtaalamu wa ndege, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, ambaye sasa amestaafu na yuko nasi leo safu ya pili. Alimweleza kwamba ndege yule ni adimu sana, kwamba bawa lilikuwa hila ya kumtoa mtu karibu na kiota, na kwamba haikuwahi kuthibitishwa kuwa anazaliana upande huu wa pwani. Alimwachia darubini na daftari. Akamwambia, "Kuona ndege si kazi. Hata yai halitoshi. Ukiona kifaranga kinatembea, uwe umekiona kwa macho yako, hapo niandikie." Marehemu hakuwahi kupewa kazi iliyomkaa sawa kama hiyo.

Mwaka uliofuata walirudi wawili. Kila jioni baada ya kazi, na kila asubuhi kabla ya kazi, aliwatazama kwa umbali wa hatua sitini. Alituambia mezani jinsi dume linavyochimba kwa kifua vishimo vitatu vinne kwenye mchanga, na jike huja kuvikagua kimoja kimoja kama mpangaji anayetafuta chumba, analala kidogo, anaondoka, anarudi. Tarehe 9 Juni 1984, siku ya Jumamosi, alikuta mayai mawili. Dume na jike walilalia kwa zamu. Marehemu alifahamu zamu zao kuliko zamu za kiwandani.

Alhamisi tarehe 28 Juni, siku ya kumi na tisa, alikwenda saa saba mchana. Hakuona ndege. Akasogea, akatazama pale penye kiota, akaona mchanga mtupu, umesawazika. Alisimama dakika chache. Aliandika: "Kiota kitupu. Mayai yameliwa." Siku ile ilikuwa bamvua, na msimamizi wake alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili kwa nini bwawa la saba bado kavu. Marehemu alirudi kwenye lango akalifungua.

Asubuhi ndege wote wawili walikuwa wakizunguka juu ya maji na kulia. Mayai yalikuwa yameelea mpaka ukingoni mwa tuta, mazima, hayana hata alama ya jino. Mtaalamu alipokuja alieleza kwa upole kwamba ndege huyu, akishtushwa kiotani au jua likiwa kali na yeye anataka kuondoka, huyafukia mayai yake kwa miguu, haraka haraka, mpaka huwezi kujua kama paliwahi kuwa na kitu. Hayakuliwa. Yalifunikwa. Angesubiri nusu saa, ndege angerudi na kuyafukua.

Marehemu hakufuta alichokuwa ameandika. Chini yake aliongeza: "Nimekosea. Yalikuwa chini ya mchanga. Maji nimefungua mimi." Kisha alikaa jikoni siku tatu. Alikwenda kazini, alirudi, akakaa jikoni kwenye kiti kile cha mguu mfupi. Wengine tulimwambia ni mayai tu, na kwamba hata kuku wa jirani wanapoteza mayai. Tulisema kwa nia njema. Leo mdogo wake anaona kwamba lilikuwa jambo la kipuuzi kumwambia mtu ambaye alikabidhiwa jambo moja la kuona, akafanya haraka.

Tangu siku hiyo, kila alipoulizwa kama lango lifunguliwe, alijibu "Bado," akaenda kutazama mwenyewe, akakaa dakika arobaini kwa saa yake ya mkononi, ndipo akafungua. Wafanyakazi wakampa jina. Jina likavuka uzio wa kiwanda, likafika mtaani, likafika kwa mchungaji, na binti wa Marehemu alipoolewa kadi ziliandikwa hivyo hivyo. Ukimkaribisha chakula anajibu bado. Ukimuuliza amezeeka anajibu bado.

Kwa miaka mingi ndege hawakuzaa tena. Mwaka 1991 alimwona mmoja, peke yake, siku moja. Mwaka 2002 walikuja wawili, wakachimba vishimo vitano, wakaviacha vyote. Miaka mingine yote daftari lina neno moja kila Juni na Julai: "Sijaona." Mdogo wake amehesabu kurasa hizo juzi na kuacha katikati, kwa kuwa machozi yalimzuia kusoma. Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2010, akapewa saa ya ukutani, na kesho yake asubuhi alikuwa kwenye tuta kama kawaida, tofauti pekee ikiwa kwamba hakuwa na buti za kampuni.

Novemba 2016 alianza kuishiwa pumzi akitembea. Hospitalini walikuta moyo wake umechoka, hausukumi damu inavyopasa. Miguu ilivimba. Daktari alimkataza kutembea mbali, kunyanyua vitu, na kula chumvi. "Daktari," Marehemu alimjibu, "mimi chumvi sikuila, niliitengeneza tu." Binti yake muuguzi alisimamia dawa zake kwa ukali ambao familia inaushukuru. Kitanda kilihamishiwa chumba cha mbele, karibu na dirisha, lakini kutoka pale huyaoni mabwawa, unaona karakana ya baiskeli. Alizoea. Alikuwa akitwambia baiskeli gani imeletwa mara ya pili kwa ubovu ule ule.

Jumamosi tarehe 6 Julai mwaka huu, fundi wa pampu, yule yule wa zamani, aliingia bila kubisha hodi.

"Mzee Bado," akasema, "yule ndege wako mwenye mkufu kaja. Na mwenzake. Wanakwaruzakwaruza kona ya bwawa la saba."

 Marehemu aligeuza kichwa, akamtazama mdogo wake aliyekuwa akikunja upindo wa pazia, na mdogo wake akajua kwamba pazia halitaisha wiki ile.

Huyu mdogo hakuwa na hamu na ndege. Kwake ndege ni anayechafua nguo kambani. Lakini wifi hakuweza kumwacha mgonjwa, wajukuu wako shule, na kaka alimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo halitasomwa hapa. Basi akaenda. Alibeba darubini, ndoo ya kukalia, mwavuli, na maagizo. Usivae nyekundu. Usisimame kati ya ndege na maji. Usimwambie mtu ulichokiona kabla hujaniambia mimi. Alhamisi tarehe 11 Julai yalikuwepo mayai mawili, na Marehemu alihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kidole: siku ishirini na sita, Jumanne tarehe 6 Agosti.

Tarehe 23 Julai mdogo wake alirudi kutoka tutani akihema na kusimama mlangoni. Alikuwa hajui aanzeje.

"Kaka, pole. Kiota kitupu."

"Mchanga ukoje?"

"Umesawazika. Hakuna kitu."

"Ulikaa muda gani?"

"Kidogo. Nimekuja kukwambia."

Marehemu alifumba macho, na mdogo wake akadhani amemuumiza. Kumbe alikuwa anacheka, bila sauti, kwa kuwa pumzi ilikuwa haba. "Rudi," akasema. "Kaa dakika arobaini. Usinung'unike, nitajua." Alirudi, na alinung'unika njia nzima. Dakika ya thelathini na tatu jike lilitokea, likatazama huku na huku, likasimama juu ya ule mchanga mtupu na kuutupa nyuma kwa miguu, na mayai yakaonekana moja baada ya jingine. Mdogo wake anakiri mbele yenu wote kwamba alilia pale juu ya ndoo, mtu mzima, mwavuli mkononi. Alipofika nyumbani hakuhitaji kusema. Kaka alimtazama usoni, akanyoosha mkono kuchukua daftari.

Hapo ndipo likaja suala la maji. Mwendesha malango mkuu wa sasa, anayeitwa msimamizi wa maji, ni kifungua mimba wa Marehemu. Wengi wenu mnajua kwamba baba na mwana hao waliheshimiana sana na kuzungumza kidogo. Kijana aliwahi kumwambia shangazi yake, huyu anayewasomea, "Mimi nililelewa na mtu anayetazama mbali." Jumapili tarehe 28 Julai alikuja baada ya chakula cha mchana, akavuta kiti.

"Ijumaa ni bamvua, baba. Nafungua bwawa la saba."

"Najua. Yataanguliwa Jumanne yake. Siku nne tu baadaye."

"Siku nne zako kwangu ni wiki mbili. Nikiikosa hii, maji hayapandi tena mpaka tarehe kumi na tano. Nina watu kumi na wawili wa bwawa lile. Niwaambie wakae nyumbani kwa sababu ya mayai?"

"Hapana. Huwezi kuwaambia hivyo."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Sijui," Marehemu alisema. "Mimi nilifungua, mwanangu. Sina la kukufundisha hapo."

Kijana alikaa akitazama mikono yake. Halafu akasema, taratibu, "Ulikaa jikoni siku tatu. Nilikuwa na miaka sita. Nilidhani kuna mtu kafa ila hamtaki kusema. Nikawa nazunguka nyumba nahesabu watu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungenijibu bado."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa, na wifi akaja na maji, na kijana akamshika baba yake mgongo wakati anakunywa. Mkono ule ulikaa mgongoni zaidi ya ilivyohitajika kwa glasi moja ya maji. Lakini hakuahidi chochote, na alipoondoka kaka alisema tu, "Ana watu kumi na wawili." Usiku huo na siku tatu zilizofuata hakutaja lango. Kila mtu nyumbani alijua analifikiria.

Alhamisi tarehe 1 Agosti asubuhi, mdogo wake akiwa kwenye ndoo yake, aliwaona wafanyakazi wa bwawa la saba wakija mstari mmoja, kila mmoja na gunia la mchanga begani, kijana mbele.  Akadhani wanakuja kufanya usafi kabla ya maji. Badala yake waliyapanga magunia kwa nusu duara kuizunguka ile kona, mbali na kiota, safu juu ya safu. Walifanya kazi dakika ishirini, kisha kijana akainua mkono, wote wakarudi nyuma na kukaa chini. Wakangoja mpaka ndege arudi kulalia. Ndipo wakaendelea. Hivyo hivyo mpaka alasiri, na hakuna aliyesikika akipaza sauti.

Mdogo wake alikimbia nyumbani, kadiri mtu wa umri wake anavyokimbia, akaeleza. Marehemu alisikiliza hadi mwisho.

"Safu ngapi?"

"Tatu, nadhani."

"Mpigie. Mwambie ziwe nne."

Alipigiwa. Kijana akajibu, "Mwambie ziko nne tangu saa nane."

Marehemu aliomba aambiwe tena maneno hayo, yote, kama yalivyosemwa. Kisha akalala, na wifi anasema alilala vizuri kuliko siku nyingi zilizopita. Ijumaa lango likafunguliwa, bwawa la saba likajaa, watu kumi na wawili wakaingia kazini, na kona ile ikabaki kavu.

Jumamosi tarehe 3 Agosti 2019, saa nne na dakika arobaini asubuhi, wifi alikwenda kuvuta pazia kwa kuwa jua lilimpiga Marehemu machoni. Alipogeuka, kaka yetu alikuwa amekwisha kuondoka, kimya, mkono mmoja juu ya blanketi. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta viti, na fundi wa baiskeli aliyezima mashine yake siku nzima bila kuombwa.

Wapo walionong'ona tangu asubuhi kwamba kifungua mimba wa Marehemu haonekani. Wameuliza mara tatu, na watajibiwa mara moja. Leo ni Jumanne tarehe 6 Agosti. Lile tuta la magunia linavuja kila maji yanapojaa na linahitaji mtu wa kuliziba, na mayai yale yanahitaji mtu wa kuona. Jana jioni alikuja kwa mama yake akasema hajui awe wapi, kwamba popote atakapokuwa atajisikia amekosea. Mama yake alimwambia, "Wa kubeba jeneza wako sita. Wewe nenda." Tunaomba asiandamwe kwa maneno. Amekwenda kwa idhini ya mjane na ya familia yote, na kama kuna lawama, zipelekwe kwa shangazi yake, ana nafasi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo mmoja, na madaftari thelathini na sita ambayo, kwa makubaliano ya familia, atakabidhiwa mtaalamu wa ndege.

Mistari inayofuata, kama ile ya kifungua mimba, haimo katika karatasi mlizoshika, zilichapwa jana. Imeandikwa kwa kalamu hapa hapa kwenye benchi, saa nne na robo, wakati kwaya inaimba, na mjane amesomewa kwanza. Ni ujumbe wa simu kutoka kwa kijana:

"Shangazi, wametoka wote wawili. Wa kwanza saa tatu na dakika hamsini, wa pili sasa hivi. Wa kwanza anatembea, nimemwona akifika mpaka kwenye magunia na kurudi. Dume lilibeba ganda mdomoni likaenda kulitupa mbali, likarudi kuwafunika. Fundi wa pampu atabaki. Natoka sasa, nina matope. Naomba msifukie kabla sijafika."

Basi tunawaomba mkae, ndugu zetu. Kutoka bwawa la saba mpaka hapa ni mwendo wa robo saa kwa mtu anayekimbia. Kaburi litabaki wazi mpaka mtoto wake afike, amwambie mwenyewe alichokiona. Baada ya hapo tutamfunika, na kaka yetu apumzike kwa amani.